Kujenga msamiati wa Kiingereza kwa maana na sentensi za mfano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanakuja kila mara, kutoka kwa wanafunzi, wazazi, watu wa mahoteli, madereva wa watalii, watu wa maofisini, na mengi yanafanana kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu marefu kidogo. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: neno hujalijua mpaka uweze kuliweka kwenye sentensi yako mwenyewe, sentensi inayohusu maisha yako, na maana ya Kiswahili ya neno moja peke yake haikufikishi hapo.

Mwalimu, kwanini nisikariri tu neno na maana yake ya Kiswahili? Mbona ndo tulivyofundishwa wote?

Ni kweli ndo tulivyofundishwa, ubao unagawanywa katikati, kushoto Kiingereza kulia Kiswahili, mnakariri kesho mnaulizwa. Na kwa vitu vya kushikika njia hiyo inafaa sana tu, goat ni mbuzi, spoon ni kijiko, hapo usipoteze muda kutafuta maelezo marefu. Shida inaanza ukifika kwenye maneno ya tabia, hisia na matendo, maana huko lugha mbili hazigawani mambo sawasawa.

Chukua neno letu "kali". Pilipili kali kwa Kiingereza ni hot, kisu kikali ni sharp, mwalimu mkali ni strict, mbwa mkali ni fierce, dawa kali ni strong. Sasa mtu aliyekariri kwamba fierce maana yake kali, siku akila pilipili atakwambia "this pepper is fierce", na ukimwambia amekosea hatakuelewa kwasababu kwenye daftari lake imeandikwa hivyo hivyo. Au "nasikia": nasikia sauti ni I hear, nasikia harufu ni I smell, nasikia njaa ni I am hungry, nasikia baridi ni I feel cold, neno letu ni moja ila wao wana mlango tofauti kwa kila moja. Au kuazima, ambayo kwetu anaazima anayetoa na anaazima anayepokea, ndio maana mtaani unasikia "borrow me your pen" kila siku. Ila ukiwa na sentensi mbili kichwani, "I borrowed a pen from Asha" na "Asha lent me a pen", hutakosea tena, maana unaona kabisa kalamu imetoka kwa nani imeenda kwa nani.

Sasa nikianza kusoma maana kwa Kiingereza si ndo nitachanganyikiwa zaidi? Natafuta neno moja nakutana na mengine matano nisiyoyajua.

Hapo umechukua kamusi isiyo yako. Kuna kamusi zimeandikwa kwa ajili ya watu waliozaliwa na Kiingereza, hizo zitakuchosha bure, na kuna kamusi za wanaojifunza, ambazo waandishi wake walijifunga wenyewe kutumia maneno machache rahisi kuelezea maneno yote yaliyobaki. Wazo hilo lina umri mkubwa. Michael West, Mwingereza aliyekuwa anafundisha Bengal, alitoa kamusi ya namna hiyo mwaka 1935, na maelezo yake yote yalitumia maneno chini ya 1,500. A. S. Hornby alifanya kazi kama hiyo akiwa anafundisha Japani, kamusi yake ikatoka huko 1942, na baadaye ndo ikawa ile kubwa ya Oxford ya wanafunzi ambayo mpaka leo iko kwenye maktaba za shule zetu. Longman wakatoa ya kwao 1978 na maelezo yake yanatumia maneno kama 2,000. Maana yake ni kwamba ukishajua hayo maneno elfu mbili ya msingi, unaweza kusoma maana ya neno lolote lile bila kuomba msaada kwa mtu.

Mi binafsi nawapenda sana COBUILD, waliotoa kamusi yao 1987 kutoka Chuo Kikuu cha Birmingham, kwasababu wao wanaeleza neno kwa sentensi nzima. Kwa mtindo huo neno stingy lingekuwa hivi: If someone is stingy, they have money but they do not like to spend it or share it. Unaona? Umepata maana, na papo hapo umeshaona neno linavyokaa kwenye sentensi, kwamba linasemwa kwa mtu na linakaa baada ya is.

Kamusi za Cambridge, Oxford na Longman za wanaojifunza zote zipo mtandaoni bure. Na sijasema utupe kamusi ya Kiingereza-Kiswahili, ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya 1996 ni kazi kubwa na ninayo mezani. Itumie mwishoni, kuhakikisha kwamba ulichoelewa ndicho chenyewe, usiitumie mwanzoni kukwepa kufikiri.

Vile vifupisho kwenye kamusi ni vya nini? sb, sth, C, U...

Usivipite, humo ndo kuna mali. sb ni somebody, sth ni something. Kwa hiyo ukiona "remind sb of sth" unajua ni lazima useme unamkumbusha nani, halafu of, halafu kitu: This song reminds me of my grandmother. C ni jina linalohesabika, U ni jina lisilohesabika, na hiyo U peke yake ingetuokoa na makosa mengi sana ya barua za kazi. Advice ina U, information ina U, furniture ina U, luggage ina U, equipment ina U, kwa hiyo hakuna advices wala informations wala furnitures. Unataka kuhesabu, unasema a piece of advice, two pieces of luggage. Kwetu ushauri nao hauhesabiki kirahisi lakini mizigo na samani tunazihesabu, ndio maana tunateleza.

Sentensi nzuri ya mfano ikoje? Mi naandika ila naona kama hazinisaidii.

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Fanya hivi: andika sentensi yako, kisha ziba neno lile kwa kidole, mpe mtu mwingine asome. Akiweza kubuni neno gani limefichwa, au angalau neno la jirani yake, sentensi ni nzima. Akikaa anaduwaa, sentensi haina kazi.

Mfano neno drought, ukame. Wengi wanaandika "I don't like drought". Ficha neno: I don't like... pale unaweza kuweka chochote, maharage, kelele, Jumatatu. Sasa angalia hii: It did not rain for a whole year, and the drought killed most of our cows. Hapo hata mtoto wa mfugaji asiyejua neno hilo atalielewa kutoka kwenye sentensi yenyewe, kwasababu mvua ipo, muda upo, ng'ombe wapo. Sentensi nzuri inabeba sababu au matokeo ndani yake, na njia rahisi ya kuipata ni kuongeza because, so, but, au although, halafu umalizie ukweli.

Na iwe ya kwako kweli. Kama unauza samaki feri andika samaki, kama ni bodaboda andika abiria na mafuta, kama una bibi Tanga muweke bibi. Sentensi za "John went to the market" zinasahaulika usiku huo huo kwasababu huyo John humjui, ila sentensi kuhusu mwenye nyumba wako aliyekataa kuziba bati haisahauliki.

Nipe mpangilio wa daftari basi, niandike nini kwa kila neno?

Mi nawaambia wanafunzi wangu mistari mitano, haizidi:

Neno: reluctant
Aina: kivumishi
Maana: not wanting to do something, so you are slow to do it
Linatembea na: reluctant to + kitendo
Sentensi yangu: My landlord was reluctant to repair the roof, even when the rain was coming into the kitchen.

Kama una nafasi ongeza mfano wa kamusi juu ya sentensi yako, ila ya kwako isikosekane. Na acha ukurasa wa kulia wazi, maana neno utakutana nalo tena gazetini au redioni likiwa na sura nyingine na utataka mahali pa kuliongezea.

Nahitaji maneno mangapi ili niseme najua Kiingereza?

Inategemea unataka kufanya nacho nini. Sauti ya Amerika walipoanzisha matangazo yao ya Kiingereza rahisi mwaka 1959 walitumia maneno kama 1,500 tu na habari za dunia nzima zilisikika vizuri. Listi maarufu ya West ya 1953 ina maneno ya msingi kama 2,000. Oxford wana listi ya maneno 3,000 imepangwa kwa ngazi kuanzia A1 (ya anayeanza) mpaka B2 (ya kati kwenda juu), iko bure mtandaoni, ichukue. Na kama unaenda chuo kuna listi ya Averil Coxhead wa New Zealand ya mwaka 2000, familia 570 za maneno kama analyse, factor, significant, ambazo zinachukua karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma, kwa hiyo kwa mtu wa chuo hizo ni za lazima.

Sasa hesabu ya kawaida: maneno 8 kwa siku, siku 5 za wiki, ni 40, na wiki 50 ni 2,000. Mwaka mmoja. Ila ukiona 8 yanakuzidi shika 4, bora manne yenye sentensi kuliko ishirini ya kukariri.

Anza na yapi? Ya listi ya msingi, changanya na ya kazi yako. Mtu wa hoteli Zanzibar ajue mapema complimentary, yaani kitu anachopewa mgeni bila kulipia, na receipt asiichanganye na recipe, hayo ni muhimu kwake kuliko maneno makubwa ya kwenye hotuba.

Nasahau sana mwalimu. Leo najua, wiki ijayo hamna kitu. Nina tatizo la kichwa?

Huna. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo 1885, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mara tu baada ya kujifunza, kisha kasi inapungua, na kila ukirudia kwa nafasi kumbukumbu inakaa muda mrefu zaidi. Ndio kichwa cha binadamu kilivyo, cha profesa na cha kwako.

Dawa ni kurudia kwa kuachia nafasi. Mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, mwaka 1972 alieleza njia ya kadi na maboksi ambayo unaweza kuifanya kwa maboksi ya viatu. Kata karatasi ngumu, mbele andika sentensi yako ukiwa umeacha pengo, nyuma andika neno. Kadi mpya zinakaa boksi la kwanza unazipitia kila siku, ukipata inaenda boksi la pili unaipitia kila baada ya siku tatu hivi, ukipata tena inaenda la tatu la kila wiki, na ukikosa popote pale inarudi boksi la kwanza bila huruma. Kwenye simu kuna programu inaitwa Anki inafanya hesabu hiyo yenyewe, kwa Android na kompyuta ni bure.

Kitu kimoja tu nakuomba, ukishika kadi jibu kwanza kwa sauti ndo ugeuze. Wengi wanageuza haraka wanaona neno wanasema "aah nalijua hili", kumbe wamelitambua tu. Kulitambua na kulitoa kichwani ni vitu viwili.

Maneno yote kwenye sentensi nayajua lakini nikiongea watu wanashangaa. Shida ni nini?

Shida ni maneno gani yanakaa pamoja. Angalia "piga" yetu, sidhani kama kuna neno linafanya kazi ngumu kuliko hili. Kupiga simu ni make a call, kupiga picha ni take a picture, kupiga kelele ni make noise, kupiga mswaki ni brush your teeth, kupiga pasi ni iron, kupiga kura ni vote, kupiga magoti ni kneel, kupiga miayo ni yawn, kupiga chafya ni sneeze. Hakuna hata moja yenye beat wala hit. Mvua kubwa wanasema heavy rain, hawasemi big rain. Chai iliyokolea majani ni strong tea. Kosa ni make a mistake, homework ni do.

Na vihusishi hivyo hivyo: depend on, interested in, afraid of, good at, married to. Wengi tunasema married with kwasababu ya "ameolewa na". Discuss haitaki about kabisa, We discussed the price, basi. Hakuna kanuni ya kukariri hapa, ndio maana nasema kila neno liandikwe na mwenzake, na mwenzake utampata kwenye sentensi za mfano tu, maana ya neno peke yake haitakwambia. Maneno kama look for, look after, give up, put off nayo yahesabu kila moja kama neno jipya, lina sentensi yake. Na ile ya kwenye barua, I look forward to hearing from you, ni hearing, usiandike to hear.

Je, kuna njia ya kubahatisha maana bila kamusi?

Ipo. Kama wewe unajua soma, somo, msomaji, someka, somesha, tayari unajua jinsi familia ya maneno inavyofanya kazi, na Kiingereza nacho kinayo: decide, decision, decisive, undecided. Jifunze vipande vya mwanzo na mwisho wa maneno kama un-, re-, mis-, -less, -ful, -ness na utafungua maneno mengi. Ila kuwa makini, in- ya mwanzo haikanushi kila mara: invaluable sio kitu kisicho na thamani, ni kitu chenye thamani kubwa mno, na inflammable kwenye tangi la mafuta maana yake linawaka moto haraka.

Mimi nipo Bujumbura, nimesoma kwa Kifaransa. Hainisaidii?

Inasaidia sana, na nyie wa Burundi na Kongo mna mtaji ambao sisi wa Bara hatuna, maneno marefu mengi ya Kiingereza yalitoka Kifaransa. Sasa Jumuiya ya Afrika Mashariki imewachukua wote, Burundi 2007 na Kongo 2022, kazi zinazotaka Kiingereza ni nyingi, utumie huo mtaji. Ila chunga yanayofanana sura: actually maana yake kwa kweli, sio sasa hivi kama actuellement. Library ni maktaba, duka la vitabu ni bookshop. Kuhudhuria mkutano ni attend, kwasababu assist ni kusaidia. Na ukimuuliza bosi swali ni ask, ukisema demand ataona unamgombeza. Haya yaandikie ukurasa wao peke yao.

Na yale maneno ya Kiingereza tunayotumia wenyewe kila siku?

Mengi yamebadilika njiani. Hoteli kwetu inaweza kuwa sehemu ya kula wali na maharage, ila hotel ni lazima iwe na vyumba vya kulala. Tuisheni kwetu ni masomo ya ziada, ukiandika kwa chuo cha Marekani neno tuition wao wanaelewa ada. Safari kwa Kiingereza ni kwenda kuangalia wanyama, kwa hiyo kutoka Mwanza kuja Dar ni journey. Na chakula kitamu ni delicious, sweet ni cha sukari.

Naweza kutumia Google Translate au akili bandia?

Tumia, ila sio kwa kuweka neno moja likupe neno moja, hapo umerudi kwenye ubao uliogawanywa katikati. Iombe sentensi kumi za neno hilo kwa Kiingereza rahisi, kisha andika ya kwako uiulize kama iko sawa na kwanini. Halafu hakikisha kwenye kamusi, maana hizi programu zinakosea kwa kujiamini.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu kamaliza la saba shule ya serikali, Januari anaanza kidato cha kwanza, masomo karibu yote yatakuwa kwa Kiingereza na mimi mwenyewe sikijui. Nimsaidieje?

Marahaba mama. Hili linaniuma kweli, maana mtoto mwenye akili nzuri kabisa anaingia darasani Januari anaanza kuonekana mzito, kumbe anachokosa ni maneno tu. Msianze na maneno magumu ya Baiolojia, hayo mwalimu atayaeleza. Anzeni na maneno ya maswali, yale yanayomwambia afanye nini kwenye pepa, kwasababu watoto wengi wanajua jibu ila hawajui wameulizwa nini.

State na mention: taja, mstari mmoja unatosha. Define: sema kitu ni nini. Describe: eleza kilivyo, sura yake au hatua zake. Explain: eleza kwanini au kwa namna gani, lazima sababu iwepo. Distinguish na differentiate: onyesha tofauti, kwa hiyo vyote viwili vitajwe. Outline: toa hoja kuu kwa ufupi. Swali likisema State three causes of soil erosion akajaza ukurasa, amepoteza muda, na likisema Explain akataja tu kukata miti bila kusema miti ikiisha mvua inasomba udongo wa juu, amepoteza maksi.

Mwambie aandike sentensi ya kila neno kwa vitu vya nyumbani: Explain why the milk boiled over. Describe our kitchen. Distinguish between a goat and a sheep. Halafu ajibu kwa Kiingereza chake hicho hicho kibovu, kwa sauti, wewe unapika yeye anaongea, na akimaliza akwambie kwa Kiswahili alichosema. Hutajua kama sarufi iko sawa, ila utajua kama ametaja au ameeleza, na hilo we mzazi unaweza kulisimamia vizuri kabisa.